Fahirisi ya hisa za vyama: jinsi ya kuitengeneza na kuisoma

Vyama vya uwekezaji vikikubali kuonyeshana hisa wanazomiliki, mnaweza kupata fahirisi moja inayoeleza pesa za watu kama sisi ziko wapi na zinakwendaje. Marekani jambo hili lina miaka mingi. Shirika la vilabu vya uwekezaji lililoanzia Detroit mwaka 1951, ambalo leo linaitwa BetterInvesting, limekuwa likitoa orodha ya hisa 100 zinazomilikiwa zaidi na wanachama wake. Sisi wa Nairobi tunaweza kuanza na kampuni chache tu.

Hatua ya 1. Omba kila mweka hazina taarifa ya akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki inayotunza hisa za chama. Usikubali hesabu ya kichwani. Andika kampuni, idadi ya hisa, na bei ya kufunga soko ya siku moja iliyo sawa kwa vyama vyote. Siku hiyo fahirisi ni 100, yaani namba ya kuanzia.

Hatua ya 2. Amueni uzito, yaani kila kampuni ihesabiwe kwa kiasi gani kwenye fahirisi. Hapa ndipo penye kazi, basi tuliza akili. Chukua mfano wa vyama 10: 8 vina hisa za kampuni ya simu, 6 za benki, 2 za kiwanda cha bia. Simu imetoka shilingi 20 hadi 22, benki 40 hadi 38, bia 150 hadi 180. Yaani simu imepanda asilimia 10, benki imeshuka 5, bia imepanda 20.

Mkizipa zote uzito sawa, fahirisi ni 108.3. Mkipima kwa idadi ya vyama (8, 6 na 2 kati ya 16), ni 105.6. Mkipima kwa pesa, na tuseme simu ina 700,000, benki 250,000 na bia 50,000, ni 106.8. Bei ni zilezile, majibu ni matatu. Mimi napendelea idadi ya vyama, kwa sababu chama kimoja chenye pesa nyingi hakiwezi kuwafunika wengine, na lengo letu ni kujua wengi wameamua nini. Kosa la kuepuka kabisa ni kujumlisha bei: 210 imekuwa 240, mtu anatangaza 114.3, kumbe bia imebeba hesabu nzima kwa kuwa bei ya hisa yake moja ni kubwa.

Hatua ya 3. Kila miezi mitatu rudieni orodha. Kampuni ikitoka na nyingine kuingia, kapu jipya, yaani orodha mpya ya hisa, lianzie pale la zamani liliposimama. Kama mlikuwa 105.6, endeleeni na 105.6. Kampuni ikigawanya hisa zake, yaani hisa moja ikiwa kadhaa za bei ndogo, rekebisheni bei ya zamani kwanza, la sivyo mtaona anguko ambalo halikutokea.

Hatua ya 4. Linganisha na NASI, fahirisi ya hisa zote za soko la hisa la Nairobi. Kumbuka uzito wa NASI hufuata thamani ya kampuni sokoni, kwa hiyo Safaricom huivuta sana. NASI haihesabu gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Nanyi msilihesabu upande mmoja tu.

Hatua ya 5. Fahirisi si faida ya chama chako. Kina mama wa chama cha uwekezaji cha Beardstown, Illinois, Marekani, walijulikana duniani kwa faida ya asilimia 23.4 kwa mwaka. Mwaka 1998 wakaguzi walipopitia miaka ya 1984 hadi 1993 walikuta 9.1, kwa sababu michango ya wanachama ilikuwa imehesabiwa kama faida.

Nimeliona kosa hilo kwenye daftari letu wenyewe. Tulianza mwaka na 400,000, tukamaliza na 540,000, na mkutanoni ikasomwa faida ya asilimia 35. Watu walipiga makofi. Usiku nikafungua ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine: michango ilikuwa 120,000. Faida halisi ni 20,000. Kwa kuwa michango iliingia kidogo kidogo mwaka mzima, chukua nusu yake, ongeza kwenye mtaji wa mwanzo upate 460,000, kisha gawanya: asilimia 4.3. Hiyo ndiyo namba ya kuweka kando ya fahirisi, baada ya kutoa gawio mlilopokea, na ndiyo niliyoisoma mkutano uliofuata.