Jinsi ya Kuzungumza kwenye Kikao cha Bodi ya Shule Nchini Marekani

Bodi ya shule ya wilaya ndiyo inayopitisha bajeti, mipaka ya shule, kalenda na njia za mabasi ya wanafunzi. Mzazi anayetaka kutoa maoni kwa kawaida hupewa dakika mbili au tatu kwenye kipaza sauti. Dakika hizo zinatosha kabisa, ila ukiwa umejiandaa kabla ya kufika ukumbini. Hili ndilo ninalowasisitizia wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili.

Hatua ya 1: Soma ajenda yote

California, Sheria ya Brown ya mwaka 1953, yaani sheria ya jimbo hilo ya vikao vya wazi, inaitaka bodi ibandike ajenda saa 72 kabla ya kikao cha kawaida, na saa 24 kabla ya kikao maalumu. Majimbo mengine yana muda wao. Tafuta jambo linalokuhusu, kisha andika namba yake pembeni.

Usiishie kwenye vichwa vikubwa. Karibu kila ajenda ina orodha ya mambo yanayopitishwa kwa mkupuo, kura moja bila mjadala, na mikataba mingi hupita humo kimyakimya. Ukiona lako limo, mwandikie mjumbe mmoja mapema, umwombe alitoe kwenye orodha ili lijadiliwe peke yake. Wazazi wengi hupitwa hapa: wanasubiri zamu ya kuzungumza huku kura imeshapigwa.

Kama jambo lako halimo kabisa, usitarajie uamuzi siku hiyo. Omba liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho.

Hatua ya 2: Jiandikishe

Kuna bodi zinazotaka ujaze kadi mlangoni, nyingine zinataka ujiandikishe mtandaoni kabla ya saa fulani. Mpigie karani wa bodi umuulize. Katika majimbo kadhaa sheria inakupa haki ya kuhudhuria, lakini nafasi ya kuzungumza inategemea kanuni za bodi yenyewe.

Hatua ya 3: Omba mkalimani mapema

Kiingereza kikikupa shida, zungumza Kiswahili. California na Texas, msemaji anayetumia mkalimani hupewa angalau mara mbili ya muda wa wengine, isipokuwa pale bodi ina vifaa vya kutafsiri papo hapo. Dakika tatu zinakuwa sita. Omba kwa maandishi, na uhifadhi nakala.

Tafadhali usimfanye mwanao mkalimani. Ni mzigo mzito kwa mtoto kusimama mbele ya wakubwa wa shule yake na kutamka malalamiko ya mzazi.

Hatua ya 4: Andika ombi moja

Anza na ombi lenyewe, maelezo yafuate. Kwa mfano:

"Mimi ni mzazi wa watoto wawili wa shule ya msingi. Kuhusu kipengele cha 7, naomba mpige kura ya kukataa kufuta njia ya basi ya mtaa wetu. Watoto watalazimika kuvuka barabara kuu isiyo na taa za kuvukia. Kama ni lazima mfute, naomba muahirishe hadi taa ziwekwe."

Soma kwa sauti huku ukitazama saa. Mkiwa wazazi wengi, gawaneni hoja: mmoja aeleze usalama, mwingine mahudhurio, mwingine gharama.

Hatua ya 5: Kwenye kipaza sauti

Zungumza na mwenyekiti. Wajumbe huenda wasikujibu neno, na hilo lisikuvunje moyo, kwa sababu sheria za vikao vya wazi huwabana wasijadili mambo yasiyo kwenye ajenda. Lalamiko dhidi ya mwalimu au habari za nidhamu ya mwanafunzi zina njia yake ya maandishi. Usitaje jina la mtoto wa mtu hadharani.

Hatua ya 6: Fuatilia

Kesho yake watumie wajumbe maneno yako kwa barua pepe. Muhtasari wa kikao ukitoka, angalia nani alipiga kura vipi. Kama jambo limeahirishwa, muulize karani tarehe mpya, kisha jiandikishe tena.