Namna ya Kuendesha Klabu ya Kiingereza Ambamo Kila Mwanafunzi Anazungumza

Klabu nyingi za Kiingereza katika shule za sekondari hazifi kwa kukosa wanachama, bali kwa sababu wazungumzaji ni walewale wanne kila wiki, na waliobaki huja kupiga makofi. Piga hesabu: wanafunzi 30 wakisimama mmoja mmoja ndani ya saa moja, kila mmoja hupata dakika 2, wakikaa wawili wawili, hupata karibu dakika 30. Anza na jozi, na mdahalo wa jukwaani usubiri.

Zoezi zuri la kuanzia ni lile ambalo walimu wa lugha huliita 4-3-2. Mwanafunzi hueleza jambo analolijua, tuseme jinsi anavyojiandaa kwa mtihani, kwa dakika 4. Kisha humweleza mwenzake mwingine jambo lilelile kwa dakika 3, na wa tatu kwa dakika 2. Mara ya kwanza atakwama na kuhangaika kutafuta maneno, lakini kufikia mara ya tatu sentensi humtoka bila kusita, kwa kuwa hafikirii tena aseme nini, anafikiria tu aseme vipi. Usibadilishe mada katikati kwa kuhofia kwamba watachoka. Msikilizaji ni mpya kila mara.

Wakati huo mlezi wa klabu azunguke na daftari, asimkatize mtu. Atasikia, kwa mfano, “My father, she is a driver”, kosa la kawaida kwa mzungumzaji wa Kiswahili, maana “yeye” yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke. Dakika 5 za mwisho aandike ubaoni makosa mawili au matatu bila kutaja majina, wanafunzi wayarekebishe wenyewe. Yakizidi hapo, klabu imegeuka kipindi cha sarufi.

Faini na adhabu kwa anayeponyokwa na neno la Kiswahili sizipendekezi hata kidogo, kwani mwenye hofu hujilinda kwa kunyamaza. Mfundishe badala yake kuuliza “How do you say…?” na kuendelea na maelezo yake.

Jozi zikishazoeleka, ndipo mlete mdahalo, watatu kwa watatu, na hoja ya kwanza ya kila upande apewe yule ambaye hajawahi kusimama mbele ya wenzake.