Jinsi ya Kununua, Kupoza na Kumimina Hanepoot Mjini Lubumbashi

Hanepoot ni jina la Afrika Kusini la zabibu nyeupe ambayo Wafaransa huiita muscat d'Alexandrie, na ambayo huko hutengenezewa divai tamu yenye nguvu kuliko divai ya kawaida. Ukiikuta dukani Lubumbashi, ambako bidhaa nyingi za kusini huingia kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, soma lebo kabla ya kulipa. Neno jerepigo lina maana kwamba spiriti ya zabibu ilitiwa katika maji ya zabibu kabla hayajachacha, hivyo utamu ni wa tunda lenyewe, na kilevi chake, asilimia 15 au zaidi, kimetoka karibu chote katika spiriti hiyo. Tazama pia rangi. Dhahabu iliyopauka ni dalili ya divai changa yenye harufu ya maua ya mchungwa na asali, ilhali rangi ya kahawia huweza kutokana na miaka ya pipa au, jambo baya zaidi, na majuma ya kukaa juani. Chupa ya dirishani mimi siinunui hata ikipunguzwa bei.

Divai hii hunywewa ikiwa baridi, nyuzi 8 hadi 12, kwa sababu ikipata joto utamu huifunika harufu na spiriti huunguza koo. Saa tatu za friji zinatosha. Umeme ukikatika, ifunge chupa kwa kitambaa cha pamba kilicholowa, uisimamishe katika sinia yenye maji kidogo, mahali penye kivuli na upepo, kwani maji yanapokauka huondoka na joto la chupa. Haitafikia ubaridi wa friji, lakini itanyweka. Njia hii hufaa Agosti na Septemba, hewa ikiwa kavu. Mvua zikishaanza kitambaa hubaki kimelowa tu, na hapo huna budi kununua barafu.

Imimine baada ya bukari (ugali) na samaki kuondolewa mezani, pamoja na karanga za kukaanga, papai, au keki isiyoishinda divai kwa utamu. Mililita 50 kwa kila mtu zinatosha, hivyo chupa ya mililita 750 huhudumia wageni 15. Aliyezoea bia ya asilimia 5 aelezwe mapema, maana utamu huficha ukali.

Ikibaki, kaza kizibo na uisimamishe ndani ya friji, uimalize katika muda wa mwezi mmoja hivi, kwa kuwa harufu hutangulia kupotea kabla ya utamu.