Pima mchanga ukiwa bado juu ya lori

Mchanga wa Lwera, eneo la kinamasi nchini Uganda, huuzwa kwa tripu, na tripu ya Elf (lori dogo la Isuzu) haina kipimo kimoja. Kabla dereva hajainua bodi, panda na tepu. Sawazisha mchanga kwa sepeto, pima urefu na upana wa ndani, kisha chomeka nondo hadi igonge chuma: pembe nne na katikati, uchukue wastani (pembeni ndiko hupunjwa). Bodi ya mita 3 kwa 1.7, kina sm 40, ni mita za ujazo 2.04. Gawanya bei kwa hiyo, ndipo ulinganishe wauzaji. Ukishamwagwa chini, huna hoja tena.

Kipimo hiki hudanganya mchanga ukiwa na unyevu: maji kidogo huzitenganisha chembe, nao huvimba. Jaza ndoo hadi sm 30 bila kushindilia, uumwage kando, tia maji theluthi ya ndoo, rudisha mchanga ukikoroga. Ukituama kwenye sm 24, basi katika kila tripu tano umepata nne. Dereva atalalamika unamchelewesha. Mlipe baada ya kupima.