Ufito wa vitambaa vitatu: kumfundisha mtoto mdogo kuyasoma maji ya pwani

Mtoto wa miaka mitatu hadi sita anayeishi karibu na ufuo huambiwa "usiende baharini" kila siku, na kila siku huona watu wakienda: wavuvi, akina mama wa mwani, kaka zake wanaocheza mpira maji yakipwa. Onyo la namna hiyo halimwingii. Anachohitaji kujua ni kwamba hapa anapochezea sasa, baadaye kidogo patakuwa bahari. Hilo lazima alione likitokea, taratibu, akiwa amekaa na mtu anayemwamini.

Somo hili haliondoi ulinzi hata kidogo. Mtoto mdogo huzama kimya, bila kupiga kelele, hata kwenye maji ya magotini. Mtu mzima mmoja achukue watoto wawili, wasizidi, na simu ikae mfukoni.

Chagua siku za bamvua, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Unguja na Mombasa, siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kutoka hapo hadi yajae hupanda mita 3 hadi 4. Kujaa huchukua saa sita na dakika kadhaa, lakini si kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza maji hupanda kidogo mno, kama sehemu 1 ya 12 ya kimo chote. Saa ya tatu na ya nne ndizo za mbio: robo ya kimo kila saa, karibu mita nzima. Mtoto wa miaka mitatu hafiki mita moja kwa urefu, au huifika kwa shida. Aliyezoea utulivu wa saa ya kwanza hudhani bado ana muda, kumbe hana. Kwenye fungu la mchanga ni hatari zaidi, kwa sababu mkondo ulio nyuma yake hujaa fungu lenyewe likiwa bado kavu.

Tafuta ufito ulionyooka wa mita 1 na nusu. Msimamishe mtoto kando yake, acha sentimita 40 za chini zitakazozama mchangani, kisha funga vitambaa vya rangi tatu: usawa wa kifundo cha mguu, wa goti na wa kiuno chake. Afunge mwenyewe kimoja. Vipimo viwe vya mwili wake, maana namba hazimwambii kitu.

Saa mbili baada ya maji kupwa kabisa, mtu mzima aukite ufito pale maji yalipofikia, kisha kaeni juu, penye mchanga mkavu na kivuli. Usihubiri. Uliza tu, "Maji yako wapi sasa?" Siku ya bamvua hufika kitambaa cha goti baada ya robo saa hivi, na cha kiuno kwa nusu saa au zaidi kidogo. Siku za maji mafu, yaani zile ambazo bahari haijai wala haipwi sana, zoezi hili halifai: maji hupanda polepole, mtoto huchoka na kuondoka akiamini bahari haina haraka.

Mkisubiri, simulia.

"Paukwa!" "Pakawa!" Kaa Mdogo alitoka shimoni kutafuta chakula. Kwanza alitazama shimo lake liko wapi. Akatazama maji yako wapi. Ndipo akala. Maji yakamgusa mguu. Kaa Mdogo hakungoja yamguse tena. Akapanda juu, mpaka penye mchanga mkavu.

Inatosha. Isimulie vilevile kila mara, bila kuongeza zimwi wala mtoto aliyechukuliwa na bahari. Mtoto aliyetishwa huganda au hujificha wakati anapotakiwa kuondoka, na siku atakapogundua zimwi halipo, ataliacha na onyo lenyewe. Kisha mwangalieni kaa wa kweli: keti kimya hatua tano kutoka kwenye shimo, na baada ya dakika chache atatoka. Mtoto akijongea, kaa hurudi ndani mbio.

Kutazama kuwe kwa macho, mikono nyuma ya mgongo. Konokono wa baharini wenye gamba la umbo la pia ni wazuri sana, ila wana mwiba wa sumu unaoweza kumuua hata mtu mzima.

Kosa linaloharibu kazi ni kufundisha katikati ya hatari. Mtoto akiwa tayari majini, mshike mkono, sema "Juu!" na mpande; maelezo baadaye. Neno hilo lizoeshwe nyumbani kama mchezo, kwa sababu "usikimbie huko" halimwambii aende wapi.

Safari inayofuata, mkifika ufuoni, usimkumbushe. Mwambie, "Nionyeshe kama Kaa Mdogo." Anyooshe kidole kwa mtu mzima wake, kwa maji, na kwa njia ya kupandia. Akikariri hadithi yote lakini asijue njia iko upande gani, kaeni tena na ufito.