Jinsi ya kupanga kikosi cha Fremantle cha mwaka 2029 ukiwa Mwanza

Pita Kirumba siku Pamba Jiji ina mechi, kila kijiwe kina kocha wake. Kikosi kinapangwa, kinapanguliwa, mtu anatemwa kabla hata hajavaa jezi. Lakini hicho ni kikosi cha leo jioni. Mwambie mtu akutajie kikosi cha Pamba cha miaka mitatu ijayo, atakushangaa, na ana haki. Dirisha la usajili linafunguliwa mara mbili kwa mwaka, kijana akiwaka tu Simba au Yanga wanabisha hodi, na kocha mpya anakuja na watu wake.

Mpira wa Australia, ligi yao ya AFL, ni habari nyingine kabisa. Si soka, ni mchezo wao wa mpira wenye umbo la yai, unaoshikwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu. Ile ni ligi iliyojifungia. Nje ya Australia hakuna klabu yenye fedha za kumng'oa nyota, kwa hiyo wanazungukana wenyewe kwa wenyewe, klabu 18. Kijana anaingia akiwa na miaka 18 kupitia mgawo wa vijana wa kila Novemba, ambapo timu iliyoshika mkia ndiyo inayotangulia kuchagua. Akishaingia hawezi kuwa mchezaji huru mpaka atumikie klabu yake miaka minane. Ndiyo maana kubashiri kikosi cha miaka mitatu au minne mbele ni kazi inayofanyika kwa akili na kalamu. Mimi naipenda kuliko hata kutazama mechi zenyewe, na nataka nawe uijue.

Mimi ni fundi wa mitambo ya kuchoronga miamba. Nimefanya kazi upande wa Geita na wachorongaji waliotoka Perth, na mchezo huu nilifundishwa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, miaka ile kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025. Foleni ilikuwa ndefu na simu ilikuwa na mechi. Timu niliyoonyeshwa ni Fremantle, klabu ya huko huko Perth, Australia Magharibi, watu wa bandarini, jezi ya zambarau, na tangu hapo sina nyingine. Ilianza kucheza ligi kuu 1995 na haijawahi kubeba kombe. Ilifika fainali 2013, ikafungwa na Hawthorn kwa pointi 15. Septemba 2025 ilitolewa nyumbani kwake na Gold Coast kwa pointi moja, na katika mchezo ambao goli ni pointi sita, hiyo pointi moja ni ile unayopata mpira ukipita pembeni ya nguzo za goli. Shabiki wa timu ya namna hii lazima ajifunze kutazama mbele.

Chukua karatasi la manila na penseli, si kalamu ya wino. Chora duara refu kama yai, ndiyo sura ya uwanja wao. Gawa mistari mitano kutoka goli hadi goli: nyuma, nusu-nyuma, kati, nusu-mbele, mbele. Kila mstari watu watatu, hao ni 15. Ongeza watatu wanaofuata mpira popote ulipo: raka, yaani yule mrefu anayerukia mpira unaporushwa juu, na viungo wawili wanaopigania kinachodondoka miguuni pake. Hao 18. Benchi ifanye jumla iwe majina 23, kwa kuwa ndiyo idadi inayotajwa siku ya mechi. Usiandike jina lolote bado.

Sasa kata vikadi, mimi natumia maboksi ya viatu. Kila mchezaji kadi yake, na juu yake vitu vinne tu: mwezi na mwaka wa kuzaliwa, urefu, mwaka mkataba wake unapoisha, na jimbo alikokulia. Watu wengi hurukia magoli na tuzo. Hivyo vinakuambia jana. Hivi vinne ndivyo vinavyokuambia 2029.

Anza na umri, na hesabu mpaka mwezi. Andrew Brayshaw alizaliwa Novemba 1999, kwa hiyo msimu wote wa 2029 atacheza akiwa na miaka 29, kwani ligi inaanza Machi na fainali ni Septemba. Mtu anayeangalia mwaka peke yake atamwandika 30 na kuanza kumtilia shaka bure. Caleb Serong na Hayden Young, wote wa 2001, watakuwa na 28. Luke Jackson, wa mwisho wa Septemba 2001, atakuwa bado 27 karibu msimu mzima. Murphy Reid, yule kijana aliyechaguliwa namba 17 katika mgawo wa 2024 na msimu uliofuata akachukua tuzo ya chipukizi bora wa ligi, atafikisha 23 mwaka huo. Wapange mezani kwa umri, mdogo kushoto, mkubwa kulia. Utaona mwenyewe timu ina kiuno kipana hapo katikati, na hapo ndipo matumaini yangu yalipo.

Halafu angalia namba anayocheza, maana umri hauli kila namba kwa kasi moja. Hapa ndipo nataka ukae kwa muda mrefu kuliko pengine popote. Kiungo mwenye kipaji anapata namba akiwa na 19. Serong alikuwa chipukizi bora wa ligi 2020, msimu wake wa kwanza. Lakini mtu mrefu huchelewa. Mwili wa mita mbili unahitaji miaka ya kujazia nyama kabla haujaweza kugongana na wanaume, kwa hiyo raka au beki mrefu wa miaka 20 ambaye hachezi si wa kumfuta. Huyo ndiye wa kumngojea. Aaron Sandilands, raka wetu wa zamani mwenye sentimita 211, hakuchaguliwa hata katika mgawo mkuu, aliingia kwa mlango wa pili wa wanagenzi, ule mgawo mdogo wa walioachwa na mgawo mkuu, akaishia mechi 271. Warefu wanachelewa kuingia na wanachelewa kutoka. Mshambuliaji mfupi anayeishi kwa mbio ni kinyume chake: miaka 30 ikigonga, mtazame kwa makini. Shai Bolton, aliyezaliwa Desemba 1998, atakuwa na 30 msimu wote wa 2029. Mimi namwacha kikosini, lakini namhamishia benchi kwa penseli nyepesi.

Kwa hiyo raka wangu wa 2029 ni Jackson. Sean Darcy, wa Juni 1998, atakuwa na 31 kufikia katikati ya msimu, na kwa namba yake huo si uzee, ila ni mzito na mwili wa raka unapigwa kila wiki. Mbele nawaweka Josh Treacy, wa 2002, na Jye Amiss, wa 2003. Hao wawili watakuwa katika ubora wao hasa. Na ona Treacy naye aliingia kwa mlango ule ule wa wanagenzi, mwishoni mwa 2020, wakati Amiss alikuwa chaguo namba 8 la mwaka uliofuata. Ukifika uwanjani hakuna anayekuuliza ulichaguliwa namba ngapi.

Nyuma ndiko kunakoniumiza kichwa. Nahodha Alex Pearce ni wa 1995, Luke Ryan wa 1996. Mwaka 2029 mmoja atakuwa 34 na mwingine 33. Nawapenda wote wawili, na nawatoa wote wawili. Hapa ndipo mashabiki wengi hukwama, wanamwachia mtu namba kwa heshima. Kikosi cha miaka ijayo hakipangwi kwa shukrani. Nat Fyfe alibeba medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa ligi, mara mbili, 2015 na 2019, na bado 2025 alistaafu kama kila mtu.

Usifungie mtu namba moja, pia. Young alikuja kama beki wa pembeni mwenye mguu wa kushoto wa kupima, leo ni kiungo. Jiulize kila mara: timu ikikosa mtu hapa, ni nani anahamishwa? Beki anayepiga pasi nzuri huwa anavutwa kati. Kiungo aliyepungua kasi anarudishwa nusu-nyuma, na hapo anaongezewa miaka miwili.

Sasa lile jimbo uliloandika kwenye kadi. Perth iko mbali sana na Melbourne, ni safari ya ndege ya saa tatu na zaidi, na kijana wa miaka 18 aliyeondoka kwao huwa anakumbuka nyumbani. Mwaka 2017 Fremantle ilichagua vijana wawili wa Victoria, jimbo lenye Melbourne, Brayshaw namba 2 na Adam Cerra namba 5. Cerra alirudi kwao, Carlton, mwaka 2021. Brayshaw akabaki. Mwaka 2019 tulichagua watatu mfululizo, namba 7, 8 na 9: Young, Serong na Liam Henry. Henry aliondoka kwenda St Kilda baada ya msimu wa 2023, na ajabu yake yeye ndiye aliyekuwa wa Australia Magharibi. Kwa hiyo jimbo linakupa mashaka tu, halikupi hukumu. Lakini linafanya kazi upande wa pili pia. Jackson ni mtoto wa Perth, alichaguliwa na Melbourne namba 3 katika mgawo huo huo wa 2019, akabeba nao kombe 2021, kisha 2022 akarudi nyumbani kwa mkataba wa miaka saba. Bolton naye ni wa Australia Magharibi, alichukua makombe mawili na Richmond ndipo akarudi mwishoni mwa 2024. Tengeneza basi orodha ya pembeni: vijana wa Australia Magharibi waliopo klabu za Victoria, ambao mikataba yao inaisha 2027 au 2028. Oktoba, dirisha la kubadilishana likifunguliwa, mmoja wao anaweza kuwa wako.

Kuna pia watoto wa wachezaji wa zamani. Baba akiwa amecheza mechi 100 klabuni, klabu ina haki ya kwanza juu ya mwanawe. Collingwood walimpata Nick Daicos kwa njia hiyo 2021, na Brisbane walimpata Will Ashcroft 2022, kisha mdogo wake Levi 2024. Brisbane wakachukua kombe 2024 na 2025, na Will akawa mchezaji bora wa fainali zote mbili. Klabu iliyoanza 1995 haina mababa wengi kama klabu kongwe, lakini waliofikisha mechi 100 miaka ya 2000 watoto wao ndio wanafikia umri sasa. Fuatilia majina ya ukoo kwenye timu za vijana.

Mishahara ina ukomo, klabu zote sawa. Inatosha kujua kwamba nyota wote hawawezi kulipwa pamoja, kwa hiyo ukiona mikataba minne mikubwa inaisha mwaka mmoja, futa jina moja.

Futa na jingine kwa sababu ya Tasmania, lile jimbo la kisiwa. Wanaingia 2028 kama klabu ya 19, watapewa nafasi za upendeleo kwenye mgawo wa vijana na watakuja kwa wachezaji wa klabu nyingine wakiwa na fedha. Hili si la kupuuza. Gold Coast ilipoanza 2011 iliondoka na Gary Ablett mdogo, wakati ule mchezaji mkubwa kuliko wote kule Geelong. Kwenye kijiwe chetu, ambako tunashindana kubashiri kikosi hiki, kila mtu analazimika kumtaja mmoja anayeamini atakwenda Tasmania, na kelele za siku hiyo zinafika mpaka Mwaloni. Dada mmoja anayeuza dagaa pale, ambaye alianza kutusikiliza kwa kupita tu, ndiye mwenye jicho kali kuliko wote. Yeye hatazami kabisa nani anafunga. Anatazama nani anacheza dakika za mwisho mechi ikiwa imebana, akisema hao ndio kocha anawaamini.

Ukimaliza, hesabu nafasi zilizojaa. Zikiwa 23, rudi ufute. Wachezaji wa 2029 wengine bado wako shule ya sekondari, hakuna anayejua majina yao. Mimi naacha nafasi tano wazi, na katika kila moja naandika aina ya mtu: beki mrefu, mshambuliaji mfupi, winga wa mguu wa kulia. Hizo nafasi zina alama zake.

Alama zetu ni hizi. Jina likiwemo ndani ya 23, moja. Likiwa kwenye mstari sahihi, moja zaidi. Nafasi wazi ikijazwa na mtu wa aina uliyoandika, mbili. Aliyeumia goti msimu mzima hahesabiwi kwa yeyote. Mshindi hununuliwa sato wa kuchoma na wenzake wote.

Kikosi cha kupimia ni cha raundi ya kumi, kwa sababu raundi ya kwanza huwa na majeruhi wa maandalizi na za mwisho makocha hupumzisha watu. Mechi za Perth za saa 12 jioni kwao zinatukuta saa 7 mchana, muda mzuri wa kukaa pamoja. Za Melbourne za mchana huanza kwetu jua likichomoza, hivyo nunua bando usiku. Funga karatasi zote kabla ya Krismasi, mgawo wa Novemba ukishapita, kila mtu apige picha ya karatasi za wenzake wote, na asiruhusiwe mtu kubadili jina baada ya hapo hata akilia.