Gitaa liko begini tangu mimba ya kwanza? Rudi hivi

Mi niliacha gitaa nikiwa na mimba ya miezi 7, tumbo halikunipa tena nafasi ya kulipakata, nikaliweka begini nikasema nikishajifungua narudi. Nimekuja kurudi mkubwa ana miaka 4 na mdogo wake miezi 8. Kwa hiyo haya nayapitia, na nawaandikia akina mama (na akina baba mnaolea kweli, maana mpo) ambao kila mkiliona lile begi nyuma ya kabati roho inawauma.

Litoe begini leo, hata kama hupigi. Litundike ukutani kwenye msumari imara, juu mtoto asipofika ila we ulifikie kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili siku nyingi una mtoto. Stendi ya sakafuni achana nayo kama una anayetambaa, atajivuta nayo asimame na itamwangukia.

Nyuzi badilisha zote 6, hasa sisi wa pwani, hewa ya chumvi inazila, we pitisha kidole chini ya uzi utaona kinatoka na kutu. Chukua seti nyepesi inayoanzia 010 (namba ni unene wa uzi ulio mwembamba kuliko wote), sio ile 012 uliyoizoea zamani. Ukishakata zile ncha zilizozidi ziokote hapo hapo, ni kama sindano na anayetambaa ataziona kabla yako. Halafu tyuni chini toni nzima, yaani badala ya E A D G B E iwe D G C F A D, nyuzi zinalegea na vidole vinapata nafuu, ukitaka kuimba kwenye sauti yako ile ile unafunga kapo, kile kibanio cha nyuzi shingoni, freti ya 2 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa) basi.

Sugu za vidole zimeshaisha, wiki za mwanzo zitauma tu, hamna namna. Ila kitu ambacho mi sikuambiwa na mtu ni maji. Mwenye mtoto mchanga mikono iko kwenye maji kutwa, sasa ukitoka kufua nepi ukashika gitaa ncha za vidole zimelainika, uzi unazama unaacha mfereji na ngozi inachanika. Piga kabla ya kufua. Ndo maana muda wangu mi ni asubuhi, uji ukiwa unapoa.

Na dole gumba jamani. Kunyanyua mtoto kwa makwapa kutwa nzima kunaumiza kifundo cha mkono upande wa gumba, wengi wanapata, na kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kubana freti nzima kwa kidole kimoja kama F na Bm zinaongezea. Ukisikia maumivu hapo baki na G, C, D, Em na Am, nyimbo kibao zinapigika kwa hizo, na yakizidi nenda hospitali usijikaze.

Dakika 10 kwa siku zinatosha kabisa, usisubiri Jumamosi ya kupumzika maana kwenye nyumba yenye watoto haipo. Dakika 3 hamisha vidole G kwenda C, polepole, bila kutazama mkono, zinazobaki ni kipande kimoja cha wimbo mmoja, hicho hicho wiki nzima. Usianze na ile solo uliyokuwa unasifiwa nayo, itakuvunja moyo bure. Wakiwa wamelala kunja kanga uichomeke chini ya nyuzi karibu na pale zinapofungiwa kwenye mwili wa gitaa, sauti inakuwa ndogo kabisa, au kama una gitaa la umeme lipige hivyo hivyo bila spika.

Wakiwa macho wasogeze, usiwafukuze. Mkubwa wangu nampa mkono wa kulia, yeye anapitisha vidole kwenye nyuzi, mi nashika kodi kwa kushoto. Siku ya kwanza nilipohama G kwenda C alisimama ghafla, akanitazama ule mkono, akasema "tena". Mdogo alikuwa kaweka kiganja kwenye mbao anasikilizia inavyotetemeka. Nikahama tena, na tena, na tena, mkono wangu wa kushoto haujawahi kufanya mazoezi kama asubuhi ile, na uji ulipoa mpaka nikaupasha upya.